Ndoo ya Ndizi Nyumbani kwa Bi Mwalimu

Naukumbuka mlio kabla sijaikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa mlio mmoja mzito, kama gunia la nazi lililoangushwa sakafuni, ukafuatwa na mlio mdogo wa kitu cha majimaji kikitiririka. Nilikuwa nimesimama uani kwa mwenyeji wangu huko Mwera, wilayani Pangani, nikifuta kioo cha kamera. Barazani watoto walikuwa wakisoma Kurani kwa sauti ya pamoja, na kisomo kile kikakatika. Nilijua papo hapo kilichopasuka ni nini, mwanangu, na nilijua nani aliyekiweka pale kilipokuwa.

Uliponiaga jana kwamba unakwenda msitu wa Amani kutafuta vipepeo, na kwamba utalala kwa wenyeji usiowajua, nilikuuliza kuhusu koti la mvua na dawa ya mbu. Hayo yalikuwa maswali ya juu juu. Lililokuwa moyoni sikulisema, nami nalisema sasa. Sina mvi za kutoa nasaha, na mama yako angecheka akinisikia, maana mimi ni mdogo wake. Lakini mtu huweza kuzeeka katika jambo moja tu, na katika jambo hili mimi nimezeeka.

Wakati ule nilikuwa namalizia shahada ya uzamili ya takwimu. Vipepeo sikuwasomea, niliwapenda tu, kama unavyowapenda wewe. Unajua tayari kwamba kumwona kipepeo si kazi, kazi ni kumtambua. Wawili hufanana kabisa mabawa yakiwa wazi, na tofauti yao iko upande wa chini, ambao hauonekani mpaka atue, atulie na ayafumbe. Kule Mwera nilikuwa nikimfuata mmoja wa wale wakubwa, wenye mikia miwili kwenye kila bawa la nyuma. Huruka juu ya miti kwa nguvu, na maua hayamvutii. Anachokipenda ni tunda lililooza. Ndiyo maana wanaomtafuta humtengenezea chambo: ndizi mbivu zilizopondwa, sukari, na hamira kidogo, zikafunikwa mpaka zichachuke. Akija kunywa hutulia mahali pamoja, na unaweza kumtazama hadi ushibe.

Mwenyeji wangu aliitwa Bi Tatu, mjane, rafiki wa bibi yako tangu utoto wao pale mtaani kwetu Usagara. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Mwalimu, kwa sababu kila alasiri alitandika mkeka barazani akawafundisha watoto wa jirani kusoma. Hakujaliwa watoto wake mwenyewe. Mumewe alipofariki, bibi yako alikuwa akisema, zile sauti za alasiri ndizo zilizomtoa Bi Tatu kitandani.

Chumba alichonipa kilipakana na baraza hiyo. Ndoo yangu ya ndizi, yenye mfuniko wa kubana, niliiweka chini ya kitanda. Usidhani sikufikiri. Nilifikiri kupita kiasi. Nilijiuliza kama kitu kisichokusudiwa kunywewa na binadamu kinahesabiwa kuwa kileo. Kama hamira ileile anayoitia kwenye maandazi yake inabadilika hukumu ikitiwa kwenye ndizi. Kama kumwomba ruhusa si kumtia mwenyeji katika dhiki ya kumkatalia mgeni. Nilijenga hoja, nikazipinga, nikazijenga upya. Mwisho wake nilitandaza kanga juu ya ndoo na kwenda zangu kutazama miti.

Joto la Mwera halikungoja hoja zangu. Mfuniko uliruka, uji wa ndizi ukapanda ukutani, na harufu ikatoka kwa dirisha hadi barazani.

"Mwalimu, kinanuka!" alisema mtoto mmoja.

"Hili ni tembo la mnazi," akasema binti mmoja, Nuru, kwa uhakika kabisa.

"Wee Nuru! Tembo umelijulia wapi?"

"Si pale kwa wagema! Napita nikitumwa dukani."

"Anapita, ati! Anapita huku kafungua pua!"

Wakacheka wote. Bi Tatu hakucheka. Nilimsikia akiwaambia wafunge juzuu zao, waende nyumbani, wawasalimie wazazi. Kisha akaingia chumbani. Alitazama ndoo, akatazama ukuta, akatazama kanga yangu iliyokuwa inadondoka. Alileta maji na tambara, nami nikapiga magoti kando yake, tukafuta.

Kesho yake wakaja akina mama, Mama Nuru akiwa mbele. Huyu ndiye aliyeuza ndizi na mboga pale kijijini, na kauli yake ilifuatwa na wenzake. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Tuwie radhi, Bi Mwalimu," alisema. "Watoto wamekuja na maneno. Na watoto wetu unawajua, kwa hiyo tumekuja wenyewe tusikie kwako."

"Maneno gani?"

"Ati humu ndani mlikuwa na ndoo ya tembo, imepasuka watoto wanasoma."

"Tembo halikuwamo. Zilikuwamo ndizi, zimechachuka."

"Ndizi za nani, za kuchachushwa?"

"Kilichomo nyumbani mwangu ni changu, Mama Nuru."

"Lakini si una mgeni? Kama ni zake, tuambie tu, yaishe."

"Mgeni wangu simtoi barazani akahojiwe. Nimeshakujibu."

Nikashika ukingo wa pazia. Nilikuwa na maneno mdomoni, mwanangu, nayo yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nachagua lianze lipi: samahani, au maelezo, na katika maelezo, niseme zimeoza au zimechachuka, maana yale mawili si sawa. Nilipopata mpangilio ulioniridhisha, kandambili zao zilikuwa zimekwisha kutoka uani.

Hapo nataka uelewe vizuri hali ilivyokuwa, maana ndiyo shina la nasaha yangu. Kwetu pwani mwenyeji humsitiri mgeni wake, hata sitara hiyo ikimgharimu. Bi Tatu asingeweza kujisafisha bila kunianika mimi, na hakuwa tayari kunianika. Jina lake likawa limefungwa, na kinywa cha kulifungua kilikuwa kimoja tu, changu.

Alasiri iliyofuata alitandika mkeka kama kawaida. Hakuja mtoto. Alikaa peke yake hadi jua likapungua, akaukunja, akauegemeza ukutani. Kisha akachukua ndoo yenye masalia, akaenda nyuma ya nyumba na kuyamwaga chini ya mkorosho. Nikamfuata, kwa kuwa sikujua pengine pa kusimama.

Naye kipepeo akaja. Alishuka kutoka juu kwa kasi, akazunguka mara moja, akatua penye ndizi na kufumba mabawa. Ukawa wazi upande wote wa chini niliokuwa nimeusafiria: rangi ya matofali, michirizi ya fedha, na mkanda mweupe katikati, mpana vile ilivyotakiwa, hata hakukuwa na nafasi ya kumchanganya na ndugu zake. Kamera ilikuwa shingoni. Mkono wangu haukuinuka.

"Ndiye uliyemfuata?" aliuliza Bi Tatu.

"Ndiye, Bi."

"Mashallah. Kaumbwa." Akamtazama kwa utulivu, bila chuki. Kisha akasema, na sauti hakuipandisha: "Ungeniambia, ningekukatalia. Ningesema, ndani hapana, Zuhura, mna msahafu na mna watoto. Halafu ningekuleta hapa mkoroshoni, uweke ndoo yako. Na ungemwona huyuhuyu."

"Nisamehe, Bi. Niliogopa utakataa."

"Ulishanijibia, mwanangu. Ukaniuliza moyoni mwako, ukanijibia humo humo. Mdudu huyu umejua anachokipenda na anachokikimbia. Mimi umekula kwangu, umelala kwangu, hukuona kama nami ni wa kuulizwa?"

Nikamuuliza kama niende kwa Mama Nuru nikaseme.

"Mimi sikutumi," alisema. "Mgeni hatumwi."

Nilirudi Usagara. Nilijiambia nitaandika ujumbe. Nikauandika: ulikuwa na aya ya hamira, aya ya vipepeo, na aya nzima juu ya tofauti ya chambo na kinywaji. Nikaufuta. Nikaandika mwingine, ukawa mrefu zaidi. Niliona kwamba samahani isiyo na maelezo haitaeleweka, na maelezo yakitangulia yataonekana ni kisingizio. Nikawa nayazungusha hayo kichwani nikila, nikisoma, nikitembea. Wakati ninayazungusha, mkeka wa Bi Tatu ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Kisha siku moja bibi yako alikata simu aliyokuwa anazungumza na rafiki yake, akasema, kama mtu asemaye habari za hali ya hewa: "Tatu hajambo. Ila siku hizi analala mpaka jua linapanda."

Mwanangu, nilikuwa nimeketi mbele ya tasnifu yangu. Nikaifunga, nikainuka kutafuta simu yangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ufikapo Amani, kabla hujatundika neti wala hujafungua mkoba wa kamera, mkalishe mwenyeji wako umwonyeshe ulichobeba na umweleze utakachofanya nacho, hata kama maelezo ni marefu, hata kama unaona haya. Mwache akatae kwa kinywa chake. Pengine baada ya kukataa atakuonyesha mahali. Unapomwona kipepeo usiyemjua, humtungii jina. Unaandika kwamba hujamtambua, unaendelea kumtazama. Binadamu naye usimtungie jibu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usikae kungoja maneno yapangike. Kuna mtu amekusitiri, naye kila siku unayoitumia kupanga maneno anailipia yeye. Sema la kwanza lililo kweli, la pili litajileta.

Mola akufungulie njia za msituni, akukinge na utelezi wa mawe na uzito wa ulimi. Akupe macho ya kuona kilicho kidogo na wenyeji wa kukupa zaidi ya ulichoomba, nawe akujaalie uwe mgeni wa kukumbukwa kwa heri. Akurudishe kwetu salama. Amina.

Sasa nikwambie simu niliyopiga siku ile. Namba ya Mama Nuru nilikuwa nayo tangu siku ya kununua zile ndizi. Nilipiga nikiwa nimesimama, bila karatasi, na alipopokea sikuwa nimejua nitaanza vipi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Zuhura. Yule mgeni wa Bi Mwalimu. Ile ndoo ilikuwa yangu. Bi Mwalimu hakujua kama imo ndani."

Nilisikia jogoo, na maji yakimiminwa.

"Yako," alisema hatimaye.

"Yangu. Ndizi ni zile nilizonunua kwako."

"Mkungu mzima! Nami nikadhani mnamsomea marehemu hitima!" Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Sikiliza, binti. Ndizi nilizijua. Nilikuja pale nimpe Bi Mwalimu njia ya kusema si zake. Akakataa. Nikasema, mtu mzima anayeficha ana cha kuficha. Sasa mimi watoto wa watu nimewazuia, na alasiri zote hizi napita mbele ya baraza yake naangalia chini. Mbona siku ile hukutoka?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Maneno! Hayo uliyosema sasa ni mangapi?"

Hakungoja jibu. Nilimsikia akiiweka simu mahali pagumu bila kuikata, kisha sauti yake ikapaa ikielekea uani:

"Nuru! We Nuru! Acha hicho, vaa ushungi wako. Chukua juzuu. Pitia na kwa wenzio, waambie nimesema mimi. Mwende kwa Bi Mwalimu, mkamtandikie mkeka. Mwambie mama yuko nyuma yangu, anakuja."

Hakurudi kuniaga. Nilibaki na simu sikioni, nikisikiliza kandambili za mtoto zikikimbia, mpaka sikuzisikia tena.