Cheti cha Ndoa cha Enid Oxenby

Hebu mtazame Enid Oxenby akiingia kwa mwanawe mkubwa Jumapili mchana: miaka themanini na mmoja, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba ameubana kwapani kana kwamba nyumba ile ina wezi. Hakai. Anafunua sufuria, anafunika. Anafungua dirisha, analifunga. Miaka ishirini tuliosha vyombo pamoja jikoni mwa shule, na mimi, mgeni wao mezani leo, sijawahi kumwona hivyo.

Majira ya baridi yaliyopita alifariki Sir Peregrine wa lile jumba la mlimani. Aliacha mabinti wanne, na cheo chao hakimtazami binti. Wanasheria wakapekua ukoo mpaka wakamfikia marehemu Ralph, mume wa Enid, mkamua ng'ombe. Basi cheo kikawaangukia wanawe, mkubwa akitangulia. Jumba liliuzwa zamani, shamba halipo. Limebaki neno Sir tu mbele ya jina. Lakini Clive, mkubwa, dereva wa lori la maziwa, alishamwambia kila mtu baa.

"Lady Maureen, mchuzi huku!" Keith, mdogo mtu, akamtania shemeji yake, maana mke wa Sir huitwa Lady.

"Mwite mtumishi," Maureen akajibu. "Aa, nimesahau, mtumishi ndiye mimi."

"Wivu tu huo," Clive akasema. "Ungekuwa wewe ungelala umelikumbatia hilo jina."

"Mimi Sir? Naezeka mapaa ya watu, kaka. Nipe ngazi mpya inatosha."

Clive akamgeukia mama yake. "Mama, ofisi ya vyeo London inadai cheti cha ndoa yenu. Umekiona?"

"Kimepotea, mwanangu."

"Basi usihangaike. Kesho naagiza nakala. Anayeomba anapewa."

Enid akaacha nyama sahanini, akasema anataka kuona maua. Maua gani, mwezi wa pili, na baridi hii? Nikamfuata. Nyuma ya banda la kuni akafungua mkoba, akanitolea karatasi. Tarehe thelathini Machi, 1963.

Nikahesabu. Clive alizaliwa Februari kumi na saba, mwaka uleule.

"Theluji," akasema. "Tulikuwa tuoane Januari. Njia ikafungwa, Ralph akakwama ng'ambo ya mlima wiki nane. Mtoto hakusubiri."

Nikakumbuka keki yao ya miaka hamsini ya ndoa. Kumbe waliikata mwaka mzima kabla ya wakati wake, na Clive ndiye aliyewasha mishumaa.

"Si mlioana baadaye, Enid? Kuna ubaya gani?"

"Kwa mambo mengine yote, hakuna. Kwa cheo, aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi. Nilimuuliza mwanasheria, nikasema ni habari ya jirani." Akazunguka banda, akarudi palepale. "Ni cha Keith. Na Keith hawezi kumpa kaka yake hata akitaka."

"Kesho ataagiza nakala."

"Najua! Unadhani nimelala wiki hii?"

Mlango wa jiko ukafunguka. Clive akatoka na shali ya mkewe, akamfunika mama yake mabegani taratibu, kama alivyomfunika siku ya maziko ya baba.

"Utapata mafua, mama. Mnanong'ona nini huku?" Akanyoosha mkono amshike amrudishe ndani.

Enid alikuwa amekirudisha cheti, lakini mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkoba. Nikajifanya natazama kuni. Nakuuliza wewe unayesoma: ungekuwa ndiye, ungempa mwanao mkono mtupu, au mkono wenye karatasi?