Niliiambia kamati tangi ni zima, kumbe faili za Jumamosi sikuzifungua

Wakuu, heshima zenu.

Hii nimeikalia karibu mwaka mzima. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, hata mkinicheka. Jina la chama nimeliacha makusudi, maana watu wapo na wengine tunasali pamoja.

Mimi ni programmer, nafanyia kazi nyumbani, Kisii. Kuna chama cha wafugaji upande wa Keumbu, wana tangi kubwa la kupoza maziwa. Tangi linaongozwa na kompyuta ndogo, na program inayoliendesha niliandika mimi.

Pamoja nayo niliandika debugger yangu. Kwa wasio wa fani: program ikifa ghafla huacha faili ya crash, kama maiti inavyosubiri daktari aipime. Debugger inaifungua ile faili na kukuambia program imekufa ikifanya nini.

Niliipenda sana hiyo tool. Niliiweka mtandaoni bure, watu nisiowajua wakaanza kuitumia, basi nikajiona fundi kweli kweli.

Sasa, ile kompyuta ndogo ina nafasi kidogo ya kuhifadhi vitu. Nikapanga kila jioni karani ahamishie faili zake zote, kumbukumbu za maziwa zikiwemo, kwenye kompyuta ya ofisi, kisha azifute kule. Kazi ya dakika tano.

Lakini huku kwetu wengi wetu ni Wasabato. Ijumaa jua halijazama, ofisi imeshafungwa, na haifunguliwi mpaka Jumapili asubuhi. Ng'ombe naye hana Sabato, lazima akamuliwe.

Aliyetuokoa ni Mama Rukia, Mwislamu wa Kisii mjini, umri wa mama yangu. Alikuwa mhudumu wa tangi. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kushika zamu kila Jumamosi, akatuambia yeye ameshasali Ijumaa, sisi twende tukasali bila wasiwasi. Miaka mitatu tulikaa kanisani tumetulia kwa sababu yake.

Ufunguo wa ofisi hakupewa. Eti ofisi ni ya maofisa.

Halafu maziwa yakaanza kuharibika. Ilikuwa msimu wa mvua, maziwa mengi. Jumamosi moja tangi likazima mchana, likaja kujiwasha jioni. Baada ya wiki mbili, tena. Mara ya tatu maziwa yote yalimwagwa, na akina mama waliotoka nayo mbali waliondoka wananung'unika.

Maneno yakaanza. Kwamba Mama Rukia anazima tangi anaenda zake soko la Daraja Mbili, kwa kuwa dada yake anauza mitumba huko. Hakuna aliyemwona. Ilitosha tu kwamba Jumamosi alikuwa peke yake.

Yeye alisema mashine inajizima yenyewe. Kamati ikaniita nipime.

Nilienda Alhamisi asubuhi. Nikakaa ofisini na laptop, nikanakili folda yote ya faili za tangi, nikaielekeza debugger kwake. Sekunde chache tu ikajibu: hakuna crash. Mama Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia screen. Akanyoosha kidole.

"Ombati mwanangu, hizi tatu za chini mbona hujazifungua?"

Zilikuwa faili zilizobanwa, zip. Debugger yangu ilikuwa haijui kusoma faili zilizobanwa. Wala haikulalamika. Ilizipita kama hazipo, kwa sababu ndivyo nilivyoiandika.

"Hizo ni backup za zamani, mama," nikamwambia. "Hazina kitu."

Sikuangalia hata tarehe, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma. Kuna jamaa mtandaoni alikuwa ameshaniomba mara mbili niongeze support ya faili za zip, nikamjibu azifungue mwenyewe kwanza. Na hizi nami ningezifungua kwa mkono pale pale. Lakini nilikuwa na kiburi, niliiamini tool kwa sababu ni yangu.

Kamati ikakaa mchana huo huo. Mwenyekiti hana maneno mengi, akaniita ndugu yetu kwa Kikisii.

"Omwana oito, hii mashine iko na shida ama haina?"

"Haina, mzee. Iko sawa."

Mama Rukia alinitazama. Wakamwambia apumzike kwanza, na kila mtu mle ndani alijua maana yake. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaenda. Mpaka leo nikimwona mtu anakunja nguo nalikumbuka lile koti.

Baada ya hapo chama kikaacha kupokea maziwa Jumamosi. Tangi likawa linazimwa siku hiyo, kwa hiyo maziwa hayakuharibika tena. Watu wakasema, si mnaona? Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana nao.

Miezi ikapita. Yule jamaa wa mtandaoni akaandika mara ya tatu, kwa upole tu. Ilikuwa Jumanne, sina kazi ya maana, nikasema acha nimfanyie.

Kazi yenyewe ni ndogo mpaka aibu. Debugger itambue kwamba faili imebanwa, iifungue, halafu iendelee kama kawaida. Nilianza saa nne, saa sita nimemaliza.

Nikahitaji faili za kujaribia. Nikakumbuka ile nakala ya folda ya Keumbu bado iko kwenye laptop.

Zikafunguka zote tatu. Zote crash. Na tarehe zake ni zile Jumamosi tatu.

Sababu ilikuwa imeandikwa wazi: nafasi imejaa. Faili za Ijumaa hazikuhamishwa jioni kwa sababu ofisi ilikuwa imefungwa. Jumamosi mchana maziwa yakawa mengi, nafasi ikaisha, program ikafa, na kompyuta ikaibana faili ya crash ili ipate pa kuiweka. Siku zingine za wiki haikuwahi kujaa, ndiyo maana faili zilizobanwa nilikuwa sizijui.

Yaani tangi lilizimwa na mapumziko yetu sisi, kwa mpango nilioupanga mimi. Tukamfukuza mama aliyekuwa anatushikia zamu ili tupumzike.

Nililia, wakuu. Mtu mzima, mbele ya laptop, mchana kweupe.

Nilienda kwa mwenyekiti. Akashauri tuyaache, mama ameshazoea maisha mengine. Nikakataa. Jumapili kulikuwa na mkutano wa wanachama, nikasimama nikasema yote, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Watu waliinama. Wakakubaliana arudishwe, na ufunguo wa ofisi apewe. Nikatumwa mimi nimpelekee habari.

Siku ya soko nikaenda Daraja Mbili. Nilimkuta na dada yake, mbele yao rundo la sweta. Sasa kweli alikuwa sokoni, na sisi ndio tuliompeleka. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu, nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeanza kujisikia mwepesi.

Aliniacha nimalize. Akauliza jambo moja tu.

"Kuzifungua hizo faili kumekuchukua muda gani?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema wiki mbili, na angenihurumia.

"Masaa mawili, mama."

"Masaa mawili," akarudia, pole pole. Akachukua sweta, akaikunja. Kisha akaniambia niwaambie amewashukuru, ila Jumamosi siku hizi ana kazi yake.

Basi.

Siku hizi debugger yangu ikikuta faili ambayo haiwezi kuifungua inasema wazi: hii sijaisoma. Nimejifunza kwamba "sijaona" na "hakuna" ni majibu mawili tofauti, na mimi nilitoa moja mahali pa lingine, mbele ya watu, juu ya jina la mtu.

Ma-programmer semeni, na wasio programmer pia. Kuna mtu uliwahi kumponza hivi kwa uvivu wako? Ulimfanyia nini baadaye? Nauliza kwa sababu soko liko hapo tu, napita kila wiki, na sijui kama nisimame tena pale kwenye sweta au nimwache mama wa watu auze.