Mstari Mweupe Ukutani mwa Loki

Nilienda kwa sababu ya mwalimu wa historia. Alitaka kila mmoja wetu atembelee mji mdogo uliokua kutokana na mifereji katika karne ya kumi na tisa, kisha aandike alichoona. Mama huwa zamu wodini kila Jumamosi, kwa hivyo kaka yake, Anko Dan, akajitolea kukodi mashua ya siku moja. Binamu yangu Kevo akaja, na Shosho pia, nyanya yetu, aliyekuwa ametutembelea kutoka Nakuru. Mimi sijui kuogelea, na mbele ya wageni hukosa sauti. Sikumwambia mtu.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Harborne, mtaa tunaoishi hapa ughaibuni, kwa gari la Anko. Shosho aliomba kabla hatujafunga mikanda, akaomba tena tulipoingia barabara kuu. Maombi yake yana vituo: familia, wagonjwa, serikali, wamishenari, wasafiri wa angani. Hakuna aliyewahi kumkatiza. Hata Kevo, ambaye hukatiza kila mtu.

Saa nne tulipanda mashua. Ilikuwa ndefu kama basi lakini nyembamba, na maji chini yake meusi. Nilikaa katikati nikishika meza.

"Shiru, hayo maji yanafika kiunoni tu," Kevo akasema. "Ukianguka, simama."

Sikucheka.

Mji ulianza kwa ghala la matofali la orofa nne. Paa lake limejitokeza juu ya mfereji ili mizigo ishushwe bila kulowa. Tulipopita chini yake baridi iliingia, na ndoano ya zamani ilining'inia juu yetu. Niliinama ingawa haikuwa karibu. Likafuata daraja la mawe lenye vyuma kwenye kona. Farasi walivuta mashua hapo miaka mingi, na kamba zikakila chuma kikabaki na michirizi mirefu. Nilitoa mkono dirishani nikatia kidole kwenye mchirizi mmoja, kikazama. Nikamfikiria mtu aliyewahi kunaswa kati ya kamba na ukuta. Kanisa la watu wa mashua sikulipiga picha vizuri, mkono mmoja ulikuwa umeshika meza.

Saa sita tulifika kwenye loki, yaani chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, ambamo mashua huteremshwa kwa kupunguza maji. Kando yake iko nyumba ya pembe nane, ambamo karani alikuwa akitoza ushuru. Jean, mama mzee anayejitolea hapo, alimweka Kevo kwenye lango la mbele na mkono wa chuma wa kufungulia maji. Mimi nilikuwa nimeshateremka mashuani kwa hofu, basi akanisimamisha ukingoni akanionyesha mstari mweupe ukutani.

"Huko nyuma, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe," alisema. "Mkia wa mashua ukirudi nyuma ya mstari huu, utakwama juu yake, na pua itazama. Ukiona hivyo, piga kelele. Usingoje."

Niliitikia kwa kichwa. Jean akaenda kuongea na watu wa mashua iliyokuwa nyuma yetu.

Maji yakaanza kushuka. Shosho, aliyekaa mbele, puani mwa mashua, na blanketi magotini, alikuwa amefungua chapati. "Tushukuru kwanza," akasema. Anko Dan akaachia usukani, akavua kofia kwa mikono miwili. Kevo akafumba macho. Maji yakaendelea kutoka.

Nami nilifumba. Ni mazoea. Nilipofumbua, Shosho alikuwa amefika kwa wagonjwa, na mkia ulikuwa nyuma ya mstari.

Darajani walisimama watu watano au sita wakitutazama. Nilifungua mdomo. Shosho akaingia kwenye serikali. Chuma kikakwaruza jiwe, thermosi ya chai ikateleza ikaanguka, na pua ikaanza kuinama pamoja na Shosho.

"Kevo, funga maji! Shosho, wacha kuomba, jishikilie!"

Kevo alifunga. Jean alikuja mbio, akafungua maji ya lango la nyuma, na chumba kikaanza kujaa polepole. Mashua ilibaki imeinama, maji yakipanda viatuni mwa Shosho, naye kashika kingo. Kisha mkia ukajinasua, mashua ikakaa sawa.

"Mtoto amenikatizia maombi," Shosho akasema hatimaye.

"Amekuokoa, Mami," Anko Dan akamwambia mama yake.

"Nimesema ni vibaya?"

Saa tisa tulirudi kupitia loki ileile. Shosho alitembea ukingoni, viatu vikichuruzika. Anko hakuachia usukani hata kupangusa pua. Kevo aliniita shujaa njia nzima, na kila alipolitaja neno hilo nilitazama pembeni.

Jioni Mama alirudi kazini, akaniuliza nimeona nini. Nilimsimulia ghala, daraja na nyumba ya ushuru. Kisha nikamwambia nilichowaficha wengine: kwamba mkia niliuona nyuma ya mstari Shosho akiwa kwa wagonjwa, na kelele nilipiga baada ya serikali.

"Na hapo katikati ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nangoja amina."

Mama alivuta kiti akaketi karibu nami, bado na sare yake.

Nilichojifunza ni hiki: naogopa kutazamwa zaidi kuliko ninavyoogopa maji, na siku hiyo, kati ya hofu hizo mbili, alikuwa ameketi Shosho.