Bukuru, Butoyi, Ciza

Kwa miaka ishirini Sidonie alikuwa mpiga chapa hapa Uvira, na hakuna aliyewahi kumrudishia karatasi yenye kosa. Barua za wakuu wa shule, hati za viwanja, maombi ya kazi ya watu ambao kazi yenyewe haikuwepo, yote yalipita vidoleni mwake. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini ukiiona kazi yake unamsamehe.

Vita vilipoingia mwaka wa sita, Padri Placide akamwita. Watu wa kijiji kimoja bondeni, chini ya Kiringye, walikuwa wameuawa asubuhi moja, na waliosalia wamekimbilia mjini. Padri alitaka majina ya marehemu yasomwe katika misa, na kila linapotajwa jina, ndugu zake wasimame. Makaburi hayakuwepo. Misa hiyo ndiyo ingekuwa maziko.

Mwalimu Emery akaleta kompyuta yenye programu ya kupanga maandishi. Kila marehemu anapewa kadi yake, jina, kijiji na siku, na chini yake maelezo ya ndugu zake. Kompyuta inazipanga kadi na kutoa maandishi yaliyo tayari kuchapwa. Sidonie aliinunia siku mbili, ya tatu akaipenda. Wiki nzima alisikiliza watu na kuandika katika daftari, usiku akaingiza kadi. Alipomaliza, akachana daftari akawashia mbabula, jiko lake la makaa, maana kila kitu si kimo ndani ya mashine?

Palikuwa na kitufe cha kuondoa yanayojirudia. Alikuwa na hakika kwamba watu wawili wamemtaja marehemu mmoja mahali fulani, na yeye hapendi uchafu katika kazi. Akabonyeza. Kompyuta ikasema imefuta kadi nne. Sidonie akatabasamu, akachapa.

Siku ya misa kanisa lilijaa. Padri aliposoma Bukuru, wanawake wawili walisimama, Agathe na Apollinarie. Akasoma Butoyi, akasoma Ciza, nao wamesimama. Padri akaendelea na majina mengine, Agathe akaketi. Apollinarie hakuketi. Alisimama hadi herufi ya mwisho, hadi baraka, hadi watu walipoanza kutoka wakimpita pembeni.

Ndipo Sidonie akaelewa. Kwa Warundi wa bondeni pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Nyumba mbili za kijiji kile zilikuwa na pacha na mfuasi wao. Kompyuta iliangalia jina, kijiji na siku, ikaona watoto watatu walioandikwa mara mbili. Kompyuta haikujua, sawa. Lakini Sidonie alikulia jirani na Warundi, alijua tangu utotoni, na bado alibonyeza.

Kesho yake Apollinarie akaja ofisini. Hakuja kugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Sidonie zaidi.

“Bale njo batoto ya Agathe,” akasema. “Ya kwangu iko wapi, Mama Sidonie? Minye nilikuambia yote.”

Sidonie akasema ukweli wote, hata wa mbabula. Kisha akaomba aambiwe upya. Akaisukuma kompyuta kando, akaivuta taipureta yake ya zamani, akapiga polepole: Bukuru wa Apollinarie, Butoyi wa Apollinarie, Ciza wa Apollinarie.

“Padiri atasoma lini?”

Padri alikuwa amevuka mpaka alfajiri ile. Risasi zilikuwa zimesikika upande wa milimani, na misa nyingine haikuwepo. Sidonie alichukua karatasi, akanyoosha mgongo, akasoma yeye mwenyewe kwa sauti, jina moja moja, kati ya meza na ukuta. Apollinarie akasimama. Jina la tatu lilipokwisha, aliketi sakafuni akalia, kwa mara ya kwanza tangu atoke bondeni.

Alipoondoka, Sidonie aliirudisha karatasi kwenye taipureta. Kadi zilizofutwa zilikuwa nne, na majina yaliyorudi ni matatu. Alifikiri kutwa nzima, akajaribu kuzikumbuka sura za wiki ile, wa nne hakumpata. Mstari wa nne aliuacha wazi, na hakuna aliyekuja kuuliza.