Dawa ya Mkwe Haimwagwi

Gari lililonibeba kutoka Mwanhuzi lilichemka kabla hatujafika Nkololo, likagoma kabisa. Dereva alitazama mvuke ukipanda, akanipa dumu tupu na kunionyesha paa la mabati mekundu ng'ambo ya mashamba ya pamba.

"Kaombe maji pale. Usalimie vizuri."

Lilikuwa paa la kituo cha afya. Ubavuni mwake kulikuwa na nyumba ndefu ambamo wajawazito wa vijiji vya mbali hulala wakisubiri siku zao. Siku hiyo walikuwa sita, barazani, wakichambua mchele.

"Mwangaluka!" nilisema, kwa Kisukuma nilichookota juzi yake.

Wakaangua kicheko. Mama mmoja mwembamba, aliyepita sitini, ndiye aliyenihurumia. "Hiyo ni ya asubuhi, mgeni. Sasa ni saa nane. Au kwenu ndiyo mnaamka?"

Huyo ndiye Kwandu. Alikuja kumsindikiza bintiye Minza, mwenye mimba ya pili. Dereva alipogundua kwamba kifaa kilichoharibika lazima kiagizwe Bariadi, Kwandu aliniombea kitanda kwa mlinzi na sahani ya wali kwa wapishi. Nilikaa siku kadhaa, na nyingi ya saa zake nilizitumia kumsikiliza.

Alizaliwa Kimali, akaolewa Nkololo. Mizizi alifundishwa na mama mkwe wake. Unachimba upande jua linapochomoza na upande linapotua, mzizi wa kati huugusi, na shimo unalifukia, kwa sababu mti ukifa, dawa yake nayo imekufa. Kwa miaka thelathini wanawake walimjia. Wa kichefuchefu aliwapa majani ya kutafuna, wa mgongo akawachemshia magome. Na siku ikifika, alikuwa na mzizi mmoja wa kuharakisha uchungu. Huo ndio uliompa jina.

"Nilimpa Minza mzizi huo kwenye mimba yake ya kwanza," alisema, mikono yake ikiendelea kupeta mchele. "Kwa mkono wangu huu. Uchungu ukaja kama ng'ombe waliovunja zizi. Damu nayo ikafuata. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, nimemshikilia, naongea na Mungu bila heshima yoyote."

Minza alipona, na mtoto pia. Ila tangu siku hiyo mzizi ule umebaki ardhini. Dawa nyingine bado anatoa, lakini kila mwanamke anayempa humleta mwenyewe kwa Dastan, muuguzi wa kituo, na kumtajia alichokunywa na lini.

"Wengine wakija huniambia wamekunywa soda tu," Dastan aliniambia. "Huyu mama ananiambia ukweli. Na mimi simfokei."

Safari hii Kwandu alikuwa na ombi moja tu, Minza azae bila mzizi ule kumgusa midomo.

Asubuhi ya pili uchungu ulianza taratibu. Minza alikuwa akitembea barazani, mkono kiunoni, aliposhuka kwenye pikipiki mama mnene aliyekumbatia chupa ya chai iliyofungwa kwa kitenge. Alikuwa Salu, mama mkwe wa Minza.

"Mkwe, mwangaluka!"

"Mwangaluka, mkwe. Keti upumzike," Kwandu alimjibu.

"Nitaketi mjukuu akitoka. Minza, mwanangu, njoo unywe uji ungali wa moto."

Kwandu aliipokea chupa, akafungua kifuniko, akanusa. Uso haukubadilika, lakini hakumpa binti yake.

"Uji wa unga gani huu, mkwe?"

"Wa mizizi yako!" Salu alisema bila kupepesa. "Si wewe uliyenionyesha mti? Tangu uzoeane na hawa manesi umekuwa mwoga kama kuku wa kununuliwa. Mpe mtoto anywe, tumalize, twende tukapalilie."

 Mama aliyekaa jirani yangu alininong'oneza kilichokuwa kimekwama. Dawa inayoletwa na mkwe haimwagwi. Ukiimwaga, umemwita mchawi mbele za watu, na neno hilo halirudi. Lazima inywewe, na mtu wa upande wa binti.

Kwandu alimtazama Minza, akamtazama Salu. Kisha akamimina kikombe kikajaa.

"Mimi ni wa upande wa binti," alisema, akanywa. Akamimina cha pili. Akanywa.

Dastan alitoka mbio. "Mama Kwandu! Umefanya nini?"

"Nimekunywa uji wa mkwe wangu. Andika kwenye kadi."

"Huna kadi! Huna mimba!"

"Basi huna cha kuogopa, mwanangu. Humu hakuna mtu wa kusukumwa nje."

Wa kusukumwa hakuwapo, ila mzizi haukujua hivyo. Haikupita nusu saa Kwandu aliinuka kwa adabu, akaelekea chooni. Alirudi, akaketi, akainuka tena. Mara ya tatu hakuaga. Dastan alimfuata na dumu la maji na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya, akasimama nje ya mlango kama askari.

Saa sita mchana kilio chembamba kilisikika kutoka chumba cha kujifungulia. Mkunga alichungulia dirishani. "Wa kike! Kilo tatu na kitu! Mama yake mzima, damu yake ya kawaida!"

"Nani? Wamesema nani?" sauti iliuliza kutoka chooni.

"Wa kike!" sote tulipiga kelele.

"Na Minza?"

"Mzima!"

Vigelegele vikapanda kutoka chooni, virefu, vikikatika katikati na kuanza upya. Kwandu, aliyekuja kumshuhudia mjukuu akizaliwa, alimsikia kupitia mlango wa bati.

Salu alikuwa keshaanza kucheza. "Mmeona? Amekunywa mama, amezaa binti! Dawa ya kwetu inajua njia!"

Kwandu alitokea akishika ukuta, uso umelowa jasho na machozi. "Kweli inajua njia, mkwe. Njia yenyewe ni ile pale," akaonyesha alikotoka. Salu alicheka mpaka akamshika bega asianguke, na wakaenda kumwona mtoto wameshikana hivyo hivyo.

Kesho yake bajaji iliwachukua wote. Kifaa cha gari letu kilikuwa bado Bariadi. "Wabeja, mgeni, asante," Kwandu aliniaga, mtoto kifuani, na chupa ya chai ya mkwe, tupu na safi, miguuni pake.

Bajaji haikufika mbali. Kwenye ua wa minyaa ilisimama, Kwandu akampa Salu mtoto, akapotea nyuma ya ua. Tulisubiri. Akatokea, akatupungia mikono yote miwili, akapanda, wakaondoka.

Wajawazito watano waliobaki walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mmoja alinimiminia kikombe.

"Karibu, mgeni. Ni uji."

Nilinusa kwanza.