Namna Nilishibisha Relais za Aveba

Siku yangu ya kwanza kwa kazi, chauffeur wa motoka ya équipe yetu ya mafundi, Papa Tabu, alinipa siri ya mutandao mbele hatujatoka hata Bunia.

"Mudogo, relais inakulaka," akaniambia. "Inapitisha megas, data ya watu, lakini inabakisha yake kidogo, sawa barrière ya njiani inayolipisha magari."

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, diplôme ingali na joto ya photocopieuse. Nilimuamini kabisa. Ningeweza kuapa kama relais iko na tumbo.

Ninyi vijana mujue: relais ni antenne ya katikati. Mawimbi ya redio haipindi kilima. Basi unapanda juu, unasimika mulingoti, unafunga appareil ya kupokea data ya Bunia na kuitupa mbele. Data inayopita kwa seconde moja, tunaiita débit.

Walinituma kwanza Kasenyi, kando ya ziwa. Kule relais ilikuwa moja, mukulaji moja, sikuona shida. Picha za samaki zilikuwa zinafika Bunia samaki mwenyewe angali anaruka mu pirogue ya muvuvi.

Kisha wakanihamisha kwa laini ya Aveba: relais tatu, kwa milingoti mirefu, hata mawingu ilikuwa inaomba njia. Bunia data ilikuwa inakimbia. Kila kilima inapunguka nusu. Aveba inafika inatambaa. Nikasema, Papa Tabu ni profeseri.

Lakini titulaire, muuguzi mukubwa wa centre de santé ya Aveba, alikuwa anamutumia docteur wa Bunia picha za échographie, zile za mutoto angali mu tumbo. Picha isipofika, mama mwenye mimba anapandishwa juu ya pikipiki mpaka Bunia, na njia ile inatikisa hata mifupa ya mawe. Chef de réseau wetu, mukubwa wa mutandao, sisi tulimuita Maman Ingénieur, akatuita.

"Wakubwa wanataka kufunga laini hii," akasema. "Ijumaa ni test ya mwisho. Picha isipopita, tunateremusha appareils."

Nikafikiri: mwenye kushiba haibi. Nikapandisha batri ya pili kwa kila relais, nzito sawa ng'ombe watatu, na panneau solaire ya jua juu yake. Titulaire akanipigia simu.

"Fundi, picha imefika kichwa tu. Huyu mutoto atabaki kichwa mpaka lini?"

"Vumilia, muganga. Relais ziko zinakula."

Kesho yake, Alhamisi, Maman Ingénieur akapanda kilima, akaona batri.

"Na hizi ni za nini?"

"Ni chakula, Maman."

Alicheka mpaka akashika mulingoti. Kisha akatuambia tufunge appareil ya pili kwa kila relais, kwa canal ingine ya mawimbi: moja ya kupokea, moja ya kutupa. Ijumaa tukangojea karibu ya simu. Ikalia.

"Imefika yote," titulaire akasema. "Docteur ameona. Vichwa ni viwili. Ni mapasa."

Laini haikufungwa.

Leo niko pensionné, nimeacha kazi, hapa kwa quartier Lumumba ya Bunia. Papa Tabu angali anahubiri ile injili yake ya tumbo, na ninamupenda vilevile. Lakini vijana wakiniuliza juu ya nini mutandao unachoka vilimani, ninawapa maneno ya Maman Ingénieur, ginsi alinipa pale chini ya mulingoti, akiisha kupanguza machozi ya kicheko:

"Relais haikulake kitu. Ikiwa na appareil moja, inasikiliza kwanza, halafu inasema. Haiwezi kufanya yote mbili wakati moja."