Kisu cha Baba na Leseni ya Bunduki

Jumamosi, 9 Novemba. Manyunyu tangu asubuhi.

Leo buchani nimeona ndege wa porini wametundikwa, nikamkumbuka Baba. Kwetu Unguja akiwinda kanga, mpaka Mapinduzi yalipomchukulia bunduki. Huku Kenton, Uingereza, Mzungu mmoja mwenye shamba alimwalika kuwinda, lakini kwanza ilitakiwa leseni. Askari akaja kumhoji. Sebule ilinukia udi.

"Mwanangu, lete kisu," Baba akasema. "Aone kwamba sisi hatuli mizoga."

"Makubwa! Kisu tena?" Mama akanong'ona.

Nikakileta mbio. Baba akapapasa makali, kisha akaonyesha kwenye shingo yake mwenyewe namna tunavyomchinja ndege aliyepigwa risasi kabla hajafa. Kalamu ya askari ikawa inakwaruza karatasi. Mimi nilidhani anaandika sifa zetu.

Barua ilikuja ya kumnyima leseni. Siwezi kuapa kuwa sababu ni kisu. Askari yule alikuwa mpole, hata viatu alivua mlangoni. Lakini Baba hakuomba tena mpaka anakufa.

Jioni ile barua ilipokuja tulikula wali na samaki wa kopo. Baba alisema ni mtamu, akaacha nusu.